RAV4 old model imekatika mkanda wa taimingi: hedi ifunguliwe au isifunguliwe?

Mkazi wa Boma

Habari wakuu. RAV4 ya 1997, milango mitano, otomatiki, 4WD, imezima ghafla kati ya njia panda ya KIA na Boma Ng'ombe. Haikutoa kelele yoyote kabla. Ukipiga stata inazunguka haraka na kwa wepesi usio wa kawaida, wala haina dalili ya kuwaka. Ipo gereji Moshi, kava la juu limefunguliwa na mkanda wa taimingi umekatika kabisa. Fundi anasema valvu lazima zimepinda, nichague kufungua hedi (sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu) au kutafuta injini ya mtumba Arusha. Gari limenunuliwa kwa mtu, halina rekodi ya mkanda kubadilishwa. Kuna namna ya kujua kama injini imeumia kabla sijalipia kazi ya hedi?

Spana 19

Pole mkuu. Soma kwanza aina ya injini kwenye kile kibati ndani ya boneti. Kama ni 3S-FE, mwambie fundi aiache hedi kwanza. Kwenye 3S-FE, hata valvu ikiwa imefunguka hadi mwisho na pistoni ikiwa juu kabisa, havifikiani. Mkanda ukikatika kamshafti (shafti inayofungua valvu) inasimama, gari linazima, na kwa kawaida hasara inaishia hapo. Wepesi wa stata hauthibitishi kitu: kamshafti ikisimama, baadhi ya valvu zinabaki wazi, hewa haibanwi, kwa hiyo stata haina upinzani. Injini nzima na iliyoharibika zote zitasikika hivyo.

Ila herufi za mwisho zina maana kubwa. 3S-GE na 3S-FSE, hii ya pili ndiyo D4, valvu zinagonga pistoni. Ukikuta mojawapo ya hizo, fundi wako yuko sahihi.

Ikiwa ni FE, afunge mkanda hata ule wa majaribio, kisha apime kompresheni, yaani mbano wa hewa katika kila silinda. Plagi zote nne nje, waya wa distribyuta uchomolewe, fyuzi ya EFI itolewe ili petroli isipulizwe, betri iwe imejaa, mguu ukanyage mafuta hadi mwisho, stata ipigwe mpaka geji iache kupanda. Kitabu kinasema psi 178, isishuke chini ya 142, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14.

Dizeli Unga Ltd

Naongeza jambo ambalo huku kwetu linasababisha injini zisizo na tatizo kuhukumiwa bure. Namba hizo za kitabu ni za usawa wa bahari. Arusha tuko mita 1,400 hivi juu, na hewa ina kama asilimia 85 tu ya mgandamizo wa pwani. Injini nzima kabisa itakupa psi 150 hapa. Moshi ni chini zaidi, tegemea kama 160. Kwa hiyo angalia zaidi ule ulingano: 150, 148, 152, 150 ni injini nzuri, 150, 150, 60, 150 ina tatizo.

Silinda ikiwa chini, tia kijiko cha chai cha oili kupitia tundu la plagi upime tena. Ikipanda vizuri, ringi zimechoka. Isipobadilika, shuku valvu au gasketi. Kuhakikisha, leta pistoni ya silinda hiyo juu kabisa kwenye mbano, ingiza upepo wa kompresa kwenye tundu la plagi, usikilize: ukitokea ekzosi, valvu ya kutolea haifungi, ukitokea kwenye bomba la hewa, ni ya kuingizia, mapovu kwenye rejeta ni gasketi. Hapo ndipo hedi inafunguliwa kwa sababu inayojulikana.

Wenye Land Cruiser za watalii za 1HZ, na Hiace au Hilux za 5L, msijifariji na habari hii. Dizeli hizi zinabana hewa zaidi ya mara 22, nafasi juu ya pistoni ni ndogo mno, mkanda ukikatika valvu zinapigwa. Msipige stata tena hata mara moja. Na taa ya T-BELT kwenye dashibodi huwashwa na hesabu ya kilomita, haioni hali ya mkanda. Sili ikivuja oili juu yake, utakatika taa ikiwa bado imezima.

Mkazi wa Boma

Asanteni sana. Kibati kinasema 3S-FE. Mkanda uliotolewa umelika meno sehemu moja, na puli ya pampu ya maji inazunguka kwa kukwama.

Spana 19

Basi chanzo kimeonekana. Kwenye injini hii mkanda huohuo unazungusha kamshafti, pampu ya maji na pampu ya oili. Pampu ya maji iking'ang'ania, meno yanalika. Ukifunga mkanda mpya juu ya pampu hiyo utakatika tena.

Nunua mkanda, puli mbili (ya tenshena na ya kuongozea), springi ya tenshena, pampu ya maji na gasketi yake, kulanti, na sili tatu: ya kamshafti, ya mbele ya kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na ya pampu ya oili. Puli hizo wengi huziruka kuokoa fedha, na beringi yake ikifa inaondoka na mkanda. Usikubali mkanda uliokunjwa na kufungwa raba dukani. Nyuzi za ndani zinavunjika.

Kufunga: tairi ya mbele kulia nje, jeki yenye kipande cha ubao ishike injini, maunti ya kulia itoke. Mfereji wa puli ya kranki uwe kwenye 0, tundu dogo la puli ya kamshafti likae sawa na alama ya kifuniko cha beringi yake. Mkanda ukishakaa, legeza bolti ya tenshena springi ivute yenyewe, fundi asiisukume kwa bisibisi. Zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, upande wa saa, kisha alama zitazamwe upya. Zikihama hata jino moja, rudia. Bolti ya puli ya kranki inakazwa kwa Nm 108. Kama distribyuta iliguswa, unganisha pini za TE1 na E1 kwenye kiboksi cha diagnosis ndani ya boneti, taimingi iwe nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu.

Dizeli Unga Ltd

Kabla ya kava kurudi, aokote vipande vyote vya mkanda wa zamani mle ndani, hasa nyuma ya puli ya kranki. Na ukiamua kulihamishia gereji ya Arusha, lipakiwe juu ya bredauni lote. 4WD otomatiki haivutwi matairi mawili yakiwa chini. Gia boksi itakufa njiani.