Kitulo mwezi wa pili: nitamwona mbayuwayu wa buluu?

Mama_Safari:
Habari wakuu. Nimepata likizo mwezi wa pili na nimeamua kwenda Hifadhi ya Kitulo, kule Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Hifadhi nilizozoea ni zile za kukaa garini mpaka mwongozaji akuonyeshe simba. Hii naambiwa ni nyasi na maua tu. Je, msimu ni huo? Na yule mbayuwayu wa buluu ambaye idadi yake inapungua, naweza kumwona bila kumsumbua?

Mtembea_Polepole:
Karibu sana dada, mwezi umeupatia. Maua yanachanua kati ya Desemba na Aprili, mvua zikiwepo, kwa hiyo beba buti na koti la mvua, na sweta pia, maana uko juu ya mita 2,600. Mimi nimepanda mara tatu kupitia Chimala, ile barabara ya kona hamsini na saba hadi Matamba. Ikilowa inateleza kweli, usipande jioni.

Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya mimea yake hasa. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Okidi, yale maua ya porini, za kuota ardhini peke yake ni aina 45. Simba na tembo hakuna, ndiyo maana unatembea kwa miguu, na ukitembea kwa haraka hutaona kitu. Mara ya kwanza nilivuka bonde zima nikitafuta rangi kubwa kubwa. Askari wa hifadhi akanisimamisha, akainama, akatenga majani kwa vidole: okidi ya kijani, urefu wa kiganja, na nyingine nne pembeni ya kiatu changu. Nilibaki pale karibu nusu saa.

Sasa mbayuwayu. Dume anang'aa buluu ya chuma, na manyoya mawili ya mkia ni marefu kama nyuzi. Anaruka chini sana juu ya nyasi akidaka wadudu. Kiota chake cha tope na majani hukibandika ndani ya shimo ardhini, mara nyingi shimo lililoachwa na muhanga, yule mnyama mchimbaji anayekula mchwa. Ukiona shimo, usilichungulie wala kuweka kamera mdomoni mwake. Kaa mbali, kaa chini, mwache apite mwenyewe. Kuanzia Aprili huondoka kuelekea Uganda na magharibi mwa Kenya, hivyo Februari bado yupo. Kinachommaliza ni nyanda za nyasi kulimwa au kupandwa mipaina. Watu huona nyasi wakadhani ni ardhi isiyo na kazi, na hilo linaniuma sana.

Kijana_wa_Makete:
Naongezea la okidi. Viazi vyake vimechimbwa miaka mingi vikavushwa Zambia, huko vinatwangwa na karanga kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Kiazi ndicho kinachoitunza okidi ardhini wakati wa kiangazi na hata moto ukipita. Ukikichimba, mwakani hapo hapaoti kitu. Mtu akikuuzia njiani, usinunue hata kwa kuonja.

Mama_Safari:
Asanteni sana. Sikujua kabisa habari ya viazi. Saa ngapi nianze kutembea? Na nikipata siku ya ziada niende wapi?

Mtembea_Polepole:
Anza asubuhi ukungu unapoinuka. Mchana mvua hukusanyika, na ndege wanapungua. Angalia pia kwenye miteremko yenye nyasi fupi, tandawala, ndege mkubwa wa nyikani, hutembea humo taratibu, shingo juu. Siku ya ziada omba uongozwe kwenye msitu wa Livingstone, ndani ya hifadhi hiyohiyo. Humo anaishi kipunji, kima ambaye wanasayansi walimjua mwaka 2003 tu, wakati wawindaji wa Rungwe walikuwa na jina lake tayari. Mimi sijamwona bado, nimemsikia tu akilia juu ya miti. Ukimwona, rudi hapa utueleze alikuwa kwenye mti gani.