Vitabu vya mtandaoni vya maktaba kwa tasnifu: Ebook Central, EBSCO, JSTOR au vya bure?

Mwanatasnifu
Wakuu, habari za jioni. Tasnifu ya uzamili, mada ni sera ya lugha katika elimu Tanzania. Maktaba ya chuo ina majukwaa matatu ya vitabu vya mtandaoni: Ebook Central, EBSCO na JSTOR. Nianze na ipi? Faili zipi nitabaki nazo nikiwa nyumbani bila bando? Na kitabu kisicho na namba za kurasa kinarejelewaje? Chuo kinataka APA toleo la 7 (mtindo wa kuandika marejeleo).

mkutubi_wa_zamu
Usilinganishe wingi wa vitabu, linganisha leseni.

JSTOR ndiyo rahisi kuliko zote: kila sura inashuka kama PDF ya kawaida, haina kufuli wala tarehe ya kuisha, na darasa zima linaweza kusoma kwa pamoja. Kitabu kikiwepo huko, kichukue huko.

Ebook Central na EBSCO ni kama rafu yenye nakala za kuhesabu. Maktaba hununua kitabu kwa msomaji 1, wasomaji 3 au bila kikomo. Ukiambiwa hakipatikani kwa sasa, mara nyingi kuna mwenzako amekifungua, pengine amekiacha wazi na kwenda kula. Jaribu tena baadaye, na wewe ukimaliza kifunge.

Vitabu vingi pia vina mgao wa kurasa za kunakili na kupakua, ambao mchapishaji ndiye huupanga. Soma ukurasa wa maelezo kabla hujagusa chochote, usije ukaumaliza mgao kwenye dibaji na faharasa. Ukipakua sura kama PDF ndani ya mgao huo, inabaki yako. Ukipakua kitabu kizima chenye kufuli, umekiazima tu: kinataka programu ya Adobe Digital Editions na akaunti ya Adobe, na siku zikiisha hakifunguki tena.

Hapo ndipo wengi hukwama. Kinachoshuka kwanza ni faili dogo la .acsm. Hicho si kitabu, ni hati ya kukichukulia. Lifungue ndani ya Adobe Digital Editions ukiwa bado na intaneti, ndipo kitabu chenyewe kije. Ukilibeba hivyo hivyo kwenye flashi hadi nyumbani kusiko na mtandao, umebeba risiti bila mzigo. Na usifanye kazi hii kwenye kompyuta ya kafe, maana kitabu hufungwa kwa akaunti na mashine iliyokifungua.

Kaskazi
Naongeza upande wa kutafuta. Katalogi ya maktaba husoma jina la kitabu, mwandishi na mada. Sura nzuri iliyomo kwenye kitabu cha waandishi wengi mara nyingi haionekani huko. Ingia ndani ya jukwaa lenyewe, linatafuta hadi kwenye matini.

Kwa mada yako andika: (Kiswahili OR Swahili) AND "language policy" AND Tanzania. Ukiandika Swahili peke yake utawakosa wanaoandika Kiswahili, na kinyume chake. Kisha chuja vibaki vile ambavyo chuo chako kina haki navyo, vinginevyo utaona majina matamu yasiyofunguka.

pwani_huria
Kabla ya yote hayo, pitia DOAB na OAPEN. Ni vitabu vya kitaaluma vya bure, havihitaji nywila ya chuo, na vingi ni PDF kamili. JSTOR nayo ina maelfu ya vitabu huria. Vya wachapishaji wa Afrika, angalia vinavyosambazwa na African Books Collective. Vingi viko Project MUSE, jukwaa jingine la kulipia, muulize mkutubi kama chuo kimevilipia.

Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, bado inaazimisha, vingine kwa saa 1, vingine kwa siku 14. Ila baada ya kesi ya wachapishaji huko Marekani, vitabu zaidi ya 500,000 viliondolewa kwenye uazimishaji, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Uzuri wake ni kwamba ni picha za kitabu cha karatasi: namba za kurasa ni zilezile.

Bi_Rejea
Sasa marejeleo. Kwa APA 7, kitabu ulichosoma kwenye hifadhidata ya maktaba na kisicho na DOI (namba ya kudumu ya utambulisho mtandaoni) huandikwa sawasawa na cha karatasi:

Mwandishi, A. (Mwaka). *Jina la kitabu*. Mchapishaji.

Jina la Ebook Central au EBSCO haliingii. DOI ikiwepo, iweke mwishoni ikianza na https://doi.org/. Mwaka uchukue nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, usichukue tarehe ambayo jukwaa lilikipandisha.

Kwenye PDF, andika namba iliyochapwa kwenye ukurasa wenyewe, si ile ya kisomeo, yaani programu unayofungulia PDF. Kitabu chenye kurasa 16 za mwanzo zenye namba za Kirumi, ukurasa wa 12 utaonekana kisomeoni kama wa 28. Kosa hili hurudisha tasnifu nyingi kuliko unavyodhani.

EPUB, aina ya faili la kitabu ambalo maandishi yake hujipanga kulingana na skrini, haina kurasa thabiti. Ukikuza herufi kila kitu kinasogea. Nukuu kwa sura au kichwa kidogo pamoja na aya uliyoihesabu mwenyewe: (Mwandishi, Mwaka, Sura ya 3, aya ya 4). Namba za mahali za Kindle (kisomeo cha Amazon) APA haizitaki. Ila jukwaa likitoa EPUB na PDF kwa pamoja, chagua PDF, umejiondolea kazi.

Mwanatasnifu
Asanteni sana. Zotero, programu ninayotunzia marejeleo, imenichukulia anwani ndefu yenye jina la chuo katikati. Niiache?

mkutubi_wa_zamu
Ifute. Hiyo ni njia ya kupitia seva ya chuo; msahihishaji wa nje akiibofya ataombwa nywila asiyo nayo. Kwa matumizi yako binafsi, hifadhi kiungo cha kudumu kinachotolewa na jukwaa, si kilicho juu ya kivinjari, kwa sababu hicho mara nyingi hufa ukishatoka.

Bi_Rejea
Na kagua Zotero imekiitaje. Ukinukuu sura ya kitabu chenye mhariri, badilisha aina iwe sura ya kitabu, uingize mwandishi wa sura, mhariri na kurasa zake. Zotero ikishika kitabu kizima, mhariri ndiye atakayepewa maneno ya mtu mwingine.