MJADALA: Gari-nyumba juu ya chasisi ya lori, ni la kifahari kweli au ni mapambo tu?

Mleta Mada

Wakuu, hili tulijadili bila kuoneana haya. Magari-nyumba ya daraja la juu, yale ya mita 12 hadi karibu 14, huuzwa kwa makochi ya ngozi, sakafu ya vigae na jokofu la milango miwili. Kilichoko chini ya sakafu muuzaji hakitaji mpaka aulizwe, na wateja wengi hawaulizi. Msimamo wangu ni huu: nyumba iliyojengwa juu ya reli mbili za chasisi ya lori, hata uipambe vipi, haiifikii ile iliyojengwa ndani ya ganda la basi.

Prevost wa Kanada wanatengeneza ganda tupu la H3-45 na X3-45. Mifupa ni ya chuma cha pua, na sakafu, kuta na paa vinabeba mzigo kwa pamoja. Makampuni mengine ndiyo yanayonunua ganda hilo na kuweka vyumba ndani. Newell wa Oklahoma nao hawanunui chasisi ya mtu, wanajenga yao. Tairi la kushoto likipanda tuta, ganda la namna hiyo halijipindi sana, kwa hiyo springi na shokapu ndizo zinazofanya kazi. Reli za lori zenyewe zinajipinda kwanza, na zimetengenezwa zijipinde, maana lori la mchanga linahitaji hivyo. Lakini lori la mchanga halina kabati za jikoni! Msokoto wote unaishia kwenye skrubu za kabati, silikoni ya madirisha na kioo cha mbele, halafu mwenye gari anashangaa mbona linalia njia nzima.

Anayepinga aje na hoja, asije na picha za makochi.

Reli Mbili

Mkuu, unasema kama vile chasisi zote ni za lori la mchanga. Magari-nyumba ya kifahari ya Marekani kama King Aire ya Newmar na Cornerstone ya Entegra yamejengwa juu ya Spartan K3, chasisi ya reli mbili iliyotengenezwa kwa ajili ya magari-nyumba: magurudumu ya mbele yanacheza kila moja kivyake, springi za upepo pande zote, na ekseli ya ziada nyuma. Ukikaa usukanini hutaki kusikia tena habari za lori.

Halafu kuna jambo umelikwepa. Nguvu ya ganda iko kwenye ukuta, sawa. Sasa leo nani ananunua gari-nyumba la bei hiyo bila vyumba vya kusukuma nje, yaani sehemu za ubavu zinazotokezwa nje gari likiegeshwa ili nafasi iongezeke? Kila chumba ni tundu kubwa ubavuni, tena mahali palepale palipokuwa panabeba mzigo. Inabidi kiwandani waimarishe pembe za tundu kwa chuma cha ziada, na kila chuma ni uzito. Gari la reli mbili halikuutegemea ukuta tangu mwanzo, kwa hiyo ukiukata hupotezi kingi. Basi lenye vyumba vinne vya kusukuma limebaki na ubasi gani?

Fundi wa Chini

Nawasoma wote wawili, na naona mnabishana juu ya mifupa huku gari likiyumba kwa sababu ya bushi, vile vipande vya mpira kwenye viungo vya ekseli.

Springi ya vyuma bapa, kama ile ya Ford F53, chasisi ya petroli ya magari-nyumba ya bei ya chini, ina kazi mbili: inabeba uzito na inaishikilia ekseli isiende mbele, nyuma wala kando. Ukiitoa ukaweka begi la upepo, umepata kitu kinachobeba tu. Raha yake ni kwamba mzigo ukiongezeka upepo unaongezwa, kimo kinabaki palepale, na mchezo wa springi haubadiliki sana kati ya tangi tupu na tangi lililojaa. Ila begi halizuii ekseli kutembea. Kazi hiyo yanaachiwa mafito ya kushikilia ekseli, na kila fito lina bushi za mpira kwenye ncha. Bushi zikilegea, ekseli ya nyuma inaanza kuliendesha gari yenyewe. Dereva anarudisha usukani kushoto, gari linachelewa, anaongeza, linapitiliza. Hapo wengi hukimbilia kulaumu shokapu.

Jambo la pili ni mkia. Pima umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ekseli inayoendesha, ugawanye kwa urefu wote wa gari. Wazoefu wengi hawalitaki gari ambalo jibu lake liko chini ya asilimia 54 au 55. Mkia mrefu unamaanisha lori likikupita kwa kasi, wimbi la upepo linagonga nyuma kwanza, mkia unasukumwa nje, pua inaelekea kwa lori. Baada ya hapo lori linafika mbele na kukuvuta upande wake. Mikono inachoka kwa ajili hiyo, na hakuna ganda la chuma cha pua linaloufupisha mkia.

Hiyo F53 ambayo wengi huidharau ina tiba moja isiyo na gharama. Ncha za fito la kuzuia gari kulala kwenye kona huja na matundu mawili. Kwenye nyingi, kiwandani kiungo hufungwa tundu la nje. Ukikihamishia la ndani, mkono wa fito unakuwa mfupi na fito linakaza zaidi. Gari linapunguza kulala. Wenye magari ya mamilioni hawalijui hili, kwa sababu kwao kila kitu kina mtu wa kupigiwa simu.

Na kabla ya yote, pelekeni gari kwenye mzani, kila gurudumu lipimwe kivyake, likiwa na maji, mafuta na watu wake. Meza ya jiko ya mawe, jokofu na betri vikiwa upande mmoja, upande huo unabeba zaidi, na upepo wa tairi lazima ufuate uzito halisi, usifuate kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi lililojazwa kupita mzigo wake ni gumu, linarusha, na mwenye gari anaanza kuulizia bei ya shokapu mpya.

Bodi Kwanza

Nyongeza kuhusu kuta, maana watu wanaruka hapo. Kuta nyingi za magari ya reli mbili ni tabaka zilizogandishwa kwa gundi: fibaglasi nje, plaiwudi nyembamba, povu lenye mabomba ya alumini katikati, kisha plaiwudi tena. Zikiwa kavu ni imara na nyepesi. Maji yakipenya kwenye kona ya dirisha au taa ya juu, plaiwudi inaoza na fibaglasi inaachia. Usitazame ukuta ukiwa umeusimamia mbele. Nenda kwenye kona ya nyuma, weka jicho sambamba na ukuta jua likiwa chini. Uvimbe utauona wenyewe. Hymer wa Ujerumani wana ukuta wa alumini na povu la poliyurethani bila mbao, na ndiyo maana mimi simkubali mtu anayesema ukuta wa tabaka ni mbaya kwa asili yake. Ubaya uko kwenye plaiwudi.

Mita Saba

Mbona mnaona kama ufahari lazima uwe na urefu wa basi? Ulaya wanalikata gari la mizigo la Fiat Ducato nyuma ya kiti cha dereva na kuliunganisha na chasisi ya kampuni ya AL-KO, ya chini, pana, na magurudumu ya nyuma yanacheza kila moja kivyake. Injini inavuta magurudumu ya mbele, hakuna shafti ya kwenda nyuma, kwa hiyo sakafu inashuka na uzito unashuka nayo. GM walifanya kitu cha jamii hiyo tangu 1973 hadi 1978: injini inavuta magurudumu ya mbele, nyuma springi za upepo. Mpaka leo wapo wanaoyatunza magari hayo.

Mleta Mada

Fundi, hoja ya mkia na mzani naichukua, ila hiyo inahusu kila gari na haijibu swali langu. Mita Saba, mimi naongelea tani 20 na kuendelea. Huko Ducato haifiki.

Reli Mbili, suala la matundu ni zito kweli, lakini angalia kipimo kimoja. Simamisha gari lako, nyanyua kona moja tu ya mbele kidogo kidogo kwa jeki za gari lenyewe za kulisawazisha linapoegeshwa, mwingine akae mlangoni aangalie mwanya juu ya mlango na pembeni mwa chumba cha kusukuma. Usizidishe, kioo cha mbele ni ghali. Mwanya ukibadilika, ujue ni nani anayefanya kazi ya springi.

Reli Mbili

Nitajaribu. Na wewe kajaribu kwenye ganda lenye vyumba vinne, siyo lile lisilokatwa. Tena uandike hapa mwanya ulivyokuwa kabla na baada, pande zote mbili.