MREJESHO: Anemoni waharibifu kwenye tangi la matumbawe

Wakuu, nimerudi. Niliuliza jinsi ya kuwadhibiti Aiptasia, vile vianemoni (wanyama wa baharini wenye mikono inayochoma) vya kahawia vilivyokuwa vinayachoma matumbawe kwenye tangi langu hapa Kinondoni.

Asanteni sana wote. Aliyenionya nisiwakwangue ameniokoa: kipande kidogo cha mguu kikibaki kwenye jiwe, anaota mwingine. Nikafuata ushauri wa kuweka kamba wa baharini (jamii ya uduvi) aina ya Lysmata, wanaokula Aiptasia. Mchana wanajificha, ila taa zikizimwa, ukimulika kwa tochi nyekundu unawaona wanavyonyofoa mikono ya anemoni kidogo kidogo. Aiptasia wadogo wameisha kabisa, hata nyuma ya pampu.

Aiptasia wakubwa wamegoma kuisha. Kamba wakishiba chakula cha samaki hawawagusi. Nimepunguza chakula, wamerudi kazini kwa uchache tu. Hao Aiptasia wakubwa nawamalizia kwa sindano: chokaa safi iliyokorogwa nzito, mdomoni, pampu zikiwa zimezimwa.

Mkuu uliyependekeza samaki kipepeo, Chaetodon lunula, nashukuru, lakini nimemwacha. Aiptasia anakula kweli, ila hata matumbawe laini anayadonoa.

Kama anemoni wako ni majano, aina nyingine ya waharibifu wenye ncha za mikono zilizovimba, kamba hawa usiwategemee.