Miche ya nyanya inalala kwa upepo na sakitu, naiegemezaje?

MamaKitalu
Habari zenu wakuu, niko Makete huku, Njombe kwenye baridi, nimehamisha miche ya nyanya kama 60 hivi nyuma ya nyumba, ina urefu wa shibiri moja. Sasa upepo wa jioni unailaza yote upande mmoja, na juzi asubuhi nimekuta sakitu, ile barafu nyembamba nyeupe ya alfajiri, juu ya majani, jua lilipotoka mingine ikawa myeusi kama imemwagiwa maji ya moto. Nilichomeka mabua ya mahindi yakaanguka nayo, nikafunga na manila, shina moja likakatika palepale kamba ilipopita. Hela ya grinihausi sina. Inaniuma maana nimeilea tangu mbegu.

Fito_Tano
Pole sana dada. Mabua yanaoza haraka, achana nayo. Tafuta mianzi, huko kwenu ipo tele, ila chukua mikavu tu usiguse machipukizi, hayo ndo ya ulanzi, pombe ya mianzi, utagombana na majirani. Kata kama mita moja na nusu, chonga ncha, zamisha futi moja na zaidi, na uchomeke mbali kidogo na shina kama upana wa vidole vinne usije ukatoboa mizizi. Mwakani chomeka siku hiyohiyo unayopanda. Manila inakata shina changa, tumia katani au chana kitenge kikuukuu, zungusha kama namba nane, yaani kamba ipite kati ya shina na mwanzi, na uache nafasi kidole kiingie.

MzeeWaNjegere
Fito zitazuia upepo tu mwanangu, sakitu bado. Pasua mianzi mingine vipande vyembamba, ikunje iwe matao juu ya tuta, kila hatua moja tao moja, kisha tandaza nailoni jioni kabla jua halijazama na ukandamize pembeni kwa mawe. Nailoni ISIGUSE majani, jani lililogusana nayo linaungua vilevile, mimi nilipoteza tuta zima kwa kosa hilo. Asubuhi funua jua likishachomoza la sivyo itaiva humo ndani. Mchana mwagilia udongo, udongo wenye unyevu unatunza joto la jua hadi usiku. Usiku wa kuogopa ni ule wa nyota nyingi na upepo umetulia, ukiona mawingu lala kwa amani.

MamaKitalu
Shikamoo mzee, asante, asante na wewe kaka. Na hii iliyokuwa myeusi ning'oe?

MzeeWaNjegere
Marahaba. Using'oe kwanza, paruza shina kwa ukucha, kama chini bado kijani na kuna jani hata moja zima, kata palipokufa, itachipua pembeni.

MamaKitalu
Nimetoka kuparuza sasa hivi, kumi na moja ni kijani. Kesho naenda kukata mianzi.