Ukoo wa Chumbageni: Rashidi na Zainabu wako njiani

15:52 Zainabu: Asalaam alaykum wote. Shikamoo Mama, shikamoo Mjomba, shikamoo Shangazi. Tumeshavuka mpaka wa Marekani, tuko Tijuana, Meksiko. Hapa saa kumi na moja kasoro, alfajiri. Rashidi anaendesha, simu ninayo mimi.

15:55 Mama: Waalaykum salaam mwanangu, marahaba. Na giza hilo mnakwenda wapi?

15:57 Zainabu: Guerrero Negro Mama, kwa nyangumi. Ni kusini, kama kilomita 700. Tunafuata barabara kuu namba 1, inakata jangwa la Baja California katikati. Tunataka tulale huko leo leo.

16:03 Mjomba Athumani: Marahaba Zainabu. 700 kwa siku zinaendeka, Dar–Mbeya ni zaidi ya hapo na nimeipiga na mzigo mgongoni. Lakini nijibu kwanza. Spea ina upepo? Bima ipo? Sheli ya mwisho iko wapi? Jua linazama saa ngapi? Na kwa nini mmetoka gizani?

16:09 Zainabu: Spea Rashidi kaipima jana. Bima ya Marekani huku haitambuliki, tumekata ya Kimeksiko, karatasi ninayo mkobani. Viza hatukuhitaji kwa sababu tuna makazi ya kudumu ya Marekani, wametugongea muhuri tu. Sheli ya mwisho iko mji unaitwa El Rosario, baada ya hapo zaidi ya kilomita 300 hakuna. Jua linazama saa kumi na moja na nusu jioni. Na giza hili ni mpaka Ensenada tu, kilomita 100, barabara ya kulipia, njia mbili kwenda na mbili kurudi.

16:12 Mjomba Athumani: Ya kulipia sina neno. Bima hiyo ni kama kadi yetu ya njano ya bima ya gari ya kwendea Zambia, usiiache mbali na mkono. Sasa shika hili: saa kumi na moja jioni muwe mjini, gari limezimwa. Hesabuni jua kwanza, kilomita baadaye. Jangwani usiku ukiingia lami inabaki na joto la mchana, ng'ombe anakuja kujilaza juu yake. Ng'ombe hana taa.

16:13 Mama: Yaa Rabbi.

17:34 Zainabu: Ensenada. Kumekucha. Tumekunywa chai na mikate. Kulia kwetu bahari, ukungu mzito kama ule wa Lushoto asubuhi.

17:41 Hamisi: Dada Zainabu, barabara hiyo nawafundisha wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Ilifunguliwa Desemba 1973. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya rasi ilikuwa njia ya vumbi na mawe, watu walitumia siku nyingi kushuka. Mpaka Cabo San Lucas ncha ya kusini ni kilomita 1,711. Nyie leo mnakula chini ya nusu yake.

17:48 Zainabu: Basi na mimi nina swali kwa Mjomba. Hapa njia mbili zimekwisha, imebaki moja kwenda na moja kurudi. Kila tukilifikia lori kwa nyuma, dereva anawasha indiketa ya kushoto, anaiacha inapepesa. Rashidi anasema anaturuhusu tupite. Mimi moyo unadunda.

17:56 Mjomba Athumani: Rashidi yuko sahihi, ila moyo wako nao uko sahihi. Nieleze vizuri. Kwetu tunaendesha kushoto. Mwenye lori akikuwashia kushoto anakwambia nasogea ukingoni, njia nyeupe, pita. Akiwasha kulia anakwambia tulia, kuna gari linakuja. Hata akiwa kweli anakata kushoto hakudhuru, maana wewe unapita kulia kwake.

17:59 Mjomba Athumani: Huko wanaendesha kulia. Indiketa ni ile ile ya kushoto, maana ni ile ile ya "pita", lakini kushoto ndiko unakopitia wewe. Kwa hiyo kama kweli anataka kukata kushoto aingie shamba la mtu, atakukunjia ubavuni. Indiketa moja, maneno mawili.

18:00 Mjomba Athumani: Mwambie Rashidi: akiwashiwa asiruke. Atazame taa ya breki. Inawaka? Lori linapunguza? Mbele kushoto kuna geti au njia ya vumbi? Kama ipo, asubiri. Kama lori linakwenda mwendo wake na kando ni pori tupu, hapo apige honi, apite.

18:04 Zainabu: Nimemsomea neno kwa neno. Anasema ahsante Mjomba, miaka sita Marekani hilo hakuna aliyemwambia.

20:51 Zainabu: San Quintín. Bonde lote ni mashamba, stroberi na nyanya mpaka macho yanachoka, nyavu nyeupe juu. Vibarua wamejifunga vitambaa usoni, yanaonekana macho tu. Wamama wengi. Wanaokota wameinama, hawainuki.

20:58 Hamisi: Wengi wao si wa hapo. Wametoka Oaxaca, kusini mbali, wana lugha zao wenyewe si Kihispania. Mwaka 2015 waligoma, wakaifunga barabara hiyo hiyo mnayopita wakidai ujira upandishwe.

21:05 Shangazi Mwanahawa: Manamba hao. Baba yetu naye alikuja Tanga hivyo hivyo, kaandikishwa Kigoma, hajui hata Tanga iko upande gani. Alikata mkonge mpaka viganja vikawa kama ngozi ya ngoma. Alikuwa akitushika shavu tunaona kama anatukwaruza, nasi tunang'ang'ania atushike tena.

21:09 Zainabu: Shangazi, mkonge nimeuona hapa! Kwenye vilima, imejiotea yenyewe, mifupi kidogo, majani yana miba kama msumeno pembeni.

21:16 Hamisi: Hao ni ndugu zake. Mkonge wetu asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62. Hapo ndipo mashamba yetu yalipoanzia.

21:18 Shangazi Mwanahawa: Miche 62 tu? Na baba yangu akaimaliza miaka yake ndani yake. Zainabu, nipigie picha ya huo wa porini. Nataka nimwone mkonge ambaye hajapandwa na mtu.

22:01 Zainabu: El Rosario. Tumejaza tangi mpaka limetema. Maji lita 20. Rashidi kakagua matairi yote kwa mkono. Mwenye sheli kasema mtandao unakatika mbele kidogo, msitupigie.

22:04 Mjomba Athumani: Kilomita 350 mpaka mjini, mwendo wa 70, saa tano. Saa tisa na nusu usiku kwetu tuwasikie. Mungu awe nanyi.

22:05 Mama: Fii amanillah wanangu.

01:20 Khadija: Niko zamu ya usiku, wodi imetulia. Bado hawajapatikana?

01:22 Mama: Bado. Sijalala.

03:34 Mjomba Athumani: Saa tisa na nusu imepita.

03:36 Khadija: Mjomba nawe hujalala?

03:37 Mjomba Athumani: Dereva akiwa njiani nalala vipi.

03:58 Mama: Athumani, kuna mtu wa kumpigia huko?

04:03 Khadija: Mama nimetafuta. Wana magari ya kijani ya serikali yanazunguka barabara kuu kusaidia walioharibikiwa, wanayaita Malaika wa Kijani, namba yao 078. Ila lazima upige ukiwa huko huko.

04:05 Mjomba Athumani: Tuwape mpaka saa kumi na moja yetu. Kuchelewa saa moja jangwani ni tairi. Ndivyo inavyokuwa, tairi au maji ya rejeta. Dada, usilie.

04:29 Zainabu: [hizi nimeandika njiani, zimegoma kutoka] Saa sita mchana. Mama, huku sijawahi kuona. Kuna mti unaitwa cirio, maana yake mshumaa. Mapadri wa zamani waliufananisha na mishumaa ya altareni. Umesimama wima kama mkia wa samaki taa, chini mnene, juu mwembamba, vijitawi vifupi kama nywele zilizosimama, na kileleni kishada cha maua makavu. Mingine imeinama mpaka ncha imegusa chini.

04:29 Zainabu: Saa saba. Cataviña. Mawe makubwa kama nyumba yamepandana, ya rangi ya mkate. Katikati yake dungusi kakati warefu kama minazi. Kijana kando ya barabara anauza petroli kwenye madumu, hatukuhitaji. Kizuizi cha wanajeshi: wametuuliza tunatoka wapi tunakwenda wapi, wakafungua buti, wakaona chupa ya tende, wakafunga.

04:30 Zainabu: Saa nane. Tumepata pancha.

04:31 Rashidi: Shikamoo Mama. Shikamoo Mjomba. Tumefika salama. Gari limezimwa. Simu yangu inasema saa kumi na mbili na nusu jioni, jua ndiyo linaingia baharini.

04:31 Mama: ALHAMDULILLAH. ALHAMDULILLAH.

04:32 Khadija: Alhamdulillah! Nimepiga kelele wodini, mgonjwa wa kitanda cha tatu kaamka ananiuliza kuna nini.

04:34 Mjomba Athumani: Marahaba mwanangu. Mlisema jua linazama saa kumi na moja na nusu. Mmeendesha saa nzima gizani?

04:37 Rashidi: Hapana Mjomba, jua ni lile lile. Kabla tu ya kuingia mjini kuna mnara mkubwa wa chuma wa tai, ndiyo nyuzi 28 kaskazini. Hapo unatoka jimbo moja unaingia jingine, na majira ya baridi saa inasogea mbele moja. Simu imeruka yenyewe.

04:38 Mjomba Athumani: Sawa. Haya, tairi.

04:46 Rashidi: Baada ya Cataviña barabara ni nyembamba na pembeni ya lami hakuna kitu, lami inaishia kama ukingo wa meza kisha mchanga uko chini. Lori limekuja kwenye kona limetanuka upande wangu. Nikasogea kulia. Gurudumu la nyuma likatoka kwenye lami, nilipolirudisha ule ukingo ukalichana ubavuni. Sikupiga breki kali, nilikumbuka ulivyonifundisha, nikashika usukani nikaliacha lipoe lenyewe. Lakini pa kuegesha hapakuwepo. Nusu ya gari ilibaki barabarani, nyuma yetu ni kona.

04:47 Mama: Mungu wangu.

04:54 Rashidi: Lori lililokuwa nyuma yetu likasimama mbali, kabla ya kona, likawasha taa zote. Dereva mzee, kofia ya makuti. Hakusema neno. Akaanza kuokota mawe makubwa, akayapanga barabarani moja moja, la kwanza hatua kama mia nyuma ya gari letu, yanaingia taratibu kuelekea katikati ya njia. Ndipo akaja kwenye jeki. Kihispania changu ni cha sokoni, tulielewana kwa mikono. Nilipokuwa nakaza nati kwa mzunguko akanishika mkono, akanionyesha: hii, kisha ya mkabala, kisha hii.

04:56 Mjomba Athumani: Sisi tulikata matawi. Huko matawi hakuna, kweli. Na mawe? Mlipomaliza, aliyaacha?

04:58 Rashidi: Hapana. Alirudi nyuma kwa miguu mpaka la mwisho, akayasukuma kwa mguu yote nje ya lami. Nilitaka kumsaidia akaniashiria niondoe gari kwanza.

05:03 Mjomba Athumani: Huyo ni dereva. Mimi gari langu lilinipindukia mlima Kitonga kwa mawe ya watu. Walitengeneza lori lao, wakaondoka, mawe wakayaacha barabarani. Nilikuja saa nane usiku. Utingo wangu alikuwa na miaka ishirini na mbili. Kila nikiona mawe kwenye lami mpaka leo nasimama nayatoa, hata nikiwa abiria namwomba dereva asimame. Mlimpa nini?

05:05 Zainabu: Pesa alikataa Mjomba. Nikampa visheti vyangu, kopo zima. Alikula kimoja pale pale amesimama, akafumba macho, akalifunga kopo akalibana kwapani.

05:06 Mama: Umefanya vizuri mwanangu. Nitakaanga vingine niwatumie.

05:09 Rashidi: Mama, kesho asubuhi tunapanda mashua. Nyangumi wameteremka kutoka bahari za barafu za kaskazini, kilomita maelfu, wanakuja kuzalia kwenye ghuba hii tulivu. Na pembeni ya mji kuna mabwawa ya chumvi, meupe mpaka upeo. Ukitazama haraka unadhani ni barafu.

05:11 Shangazi Mwanahawa: Na picha ya mkonge wangu?

05:12 Zainabu: Ipo Shangazi, naituma sasa.

05:14 Mjomba Athumani: Rashidi, sasa hivi huna spea. Ile iliyochanika ubavu haizibiki, usimruhusu mtu akudanganye. Nunua tairi jingine leo leo kabla ya kulala, hata kama umechoka. Kurudi ni njia ile ile.

05:20 Rashidi: Kuna fundi wa matairi mkabala na hoteli, taa bado inawaka. Navuka barabara sasa.

05:21 Mjomba Athumani: Tazama tarehe ya kutengenezwa ubavuni, tarakimu nne. Nipigie picha kabla hujalipa. Naswali, nikirudi nakuta.