Njia nne za Mbeya tunazisubiri, lakini alama za mteremko wa Iwambi nazo mpaka lini?

Wakuu, naomba uzi huu msiupeleke kwenye siasa za vyama. Hapa nazungumzia roho za watu wa Mbeya na Songwe, na za kila anayepita TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, kwenda au kurudi Tunduma mpakani. Nina hasira na nitaandika hivyo hivyo.

Tarehe 7 Juni 2025, lori lenye tela liliteremka Iwambi likashindwa kusimama, likagonga basi dogo la abiria na magari mengine, likaishia mto Mbalizi pale darajani. Watu 28 walikufa. Mwaka mmoja kabla, Juni 2024, lori jingine lilikuwa limefeli breki pale Mbembela, Simike, likavamia Kosta iliyojaa abiria. Kila mara viongozi wanakuja, rambirambi zinasomwa, sisi tunazika. Halafu mvua zinaanza, ukungu unashuka, na malori yanaendelea kuteremka pale pale, usiku, kwenye giza.

Mimi naishi Mbalizi na kazi yangu iko Mwanjelwa. Barabara hii naijua kona kwa kona. Tulipoambiwa kipande cha Nsalaga hadi Ifisi, kilometa 29, kinajengwa njia nne, tulishangilia. Tuliambiwa pia huo ni mwanzo, kwamba mpango mzima ni Igawa mpaka Tunduma, kilometa 218. Hakuna mtu wa huku anayeipinga kazi hiyo. Waliovunjiwa nyumba na vibanda wapo hapa hapa tunaishi nao, na hata wao wanataka barabara iishe. Kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba nalalamikia maendeleo.

Ninachokilalamikia ni namna tunavyopitishwa humu wakati kazi inaendelea.

Asubuhi unapita mkono wa kushoto. Jioni unarudi unakuta njia imehamishiwa kulia, na kinachokuambia ni rundo la kifusi katikati ya lami. Hakuna kibao mita mia mbili kabla, hakuna mshale, hakuna taa ya kumulika. Mahali pengine wamepanga mawe. Mahali pengine kuna mapipa yaliyochakaa rangi, ambayo ukiwa na taa za gari dogo unayaona ukiwa umeshayafikia. Matuta yamewekwa ya udongo bila kupakwa chochote. Lori likiharibika, utingo anakata matawi anayatupa barabarani, na hayo matawi ndiyo alama pekee inayoeleweka usiku kucha. Tawi la mti ndilo linalolinda maisha ya watu kwenye barabara kuu inayobeba mizigo ya Zambia na Kongo!

Nimepiga simu. Nilichukua namba kwenye ubao wa mradi, nikaambiwa nimpigie mwingine, huyo mwingine akasema suala la alama ni la mkandarasi, wa kwa mkandarasi akasema anasubiri maelekezo. Sikuwa naomba hisani. Vibao, koni na taa za kuonya wakati wa ujenzi ni sehemu ya kazi yenyewe, vinapangiwa hela tangu mwanzo kama kokoto na lami. Kama vimelipiwa, viko wapi? Kama havijalipiwa, nani alipitisha mkataba wa kuchimba barabara yenye watu bila kuwalinda hao watu?

Nirudi Iwambi, maana hapo ndipo panapoua.

Kwa wasiopafahamu: ukitoka mjini ukipita Nzovwe na Iyunga, ukishamaliza Iwambi ardhi inakatika kuelekea bondeni Mbalizi. Kitonga kule Iringa kila dereva anajua sasa anaingia mlimani, anajipanga. Iwambi unafika ukiwa bado kwenye nyumba za watu, maduka, bodaboda, wanafunzi. Dereva mgeni anaona mji, hahisi mlima. Anakuja na gia ya juu, gari na mzigo wake tani 56, ambazo ndizo mwisho wa sheria ya Afrika Mashariki. Akigundua mteremko ni mkali anaanza kukanyaga breki mfululizo. Breki zinapata moto, zinakosa kushika, na kurudisha gia ndogo wakati huo ni kazi kubwa mno, mara nyingi haiwezekani tena. Wapo pia wanaoweka frii, yaani wanatoa gia gari lijiteremkie lenyewe, ili kubana dizeli, hao ni wauaji na wakamatwe. Lakini hata dereva mwangalifu anahitaji kuambiwa kabla, akiwa bado kwenye tambarare, kwamba mbele kuna mteremko wa urefu kadhaa na aingize gia ndogo SASA. Kibao kikiwekwa mteremko ukiwa umeshaanza hakimsaidii kitu.

Tunachohitaji pale hakisubiri njia nne. Vibao vikubwa vinavyong'aa usiku, viwili au vitatu kwa kufuatana, kuanzia Iyunga. Viwe na picha, kwa sababu madereva wengine ni Wazambia na Wakongo. Eneo la malori kusimama lazima na kukagua breki kabla ya kushuka, na askari awepo hapo juu, siyo kule chini anakovizia mwendo. Njia ya kutorokea iliyojazwa kokoto nene au mchanga, ili lori lililoshindwa lizame humo badala ya kuzama kwenye daladala. Taa za barabarani mpaka darajani. Mlima Nyoka nako hivyo hivyo, na Mbembela. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji teknolojia ya ajabu.

Sasa foleni. Uyole mpaka Mafiati jioni ni mateso. Malori ya masafa, mabasi ya mikoani, Haisi, bajaji, bodaboda, mikokoteni ya viazi, wote tumebanwa kwenye njia mbili ambazo upande mmoja umechimbwa. Nimeona gari la wagonjwa likipiga king'ora halisogei, watu wanashuka kwenye magari yao kuwaomba madereva wa malori wasogee, na malori hayana pa kusogea kwa sababu pembeni ni shimo. Mgonjwa yule alikuwa anapelekwa Hospitali ya Rufaa. Kila nikikumbuka damu inachemka, maana kuwapa malori ratiba, yasubiri Uyole na Ifisi saa za asubuhi na jioni watu wanapokwenda na kutoka kazini, ni uamuzi wa kikao kimoja tu.

Na ile barabara ya mchepuko ya Uyole hadi Songwe, karibu kilometa 49, ya kuyapitisha malori nje ya jiji, imetajwa kwenye hotuba za bajeti ya ujenzi mpaka tumeizoea. Hiyo ndiyo dawa halisi. Njia nne zikikamilika bila mchepuko, malori yatakuwa yale yale, yanashuka Iwambi ile ile, ila yatashuka kwa kasi zaidi kwa sababu barabara itakuwa pana. Wahandisi mliomo humu nisahihisheni kama nakosea.

Tunduma sitaandika sana, wenyeji wa huko watajazia. Kituo cha pamoja cha forodha na Nakonde, upande wa Zambia, kilizinduliwa Oktoba 2019 na bado msururu unarudi mpaka Mpemba, malori yamepaki gizani bila pembetatu, wengine wamezima taa kabisa. Ukitokea Vwawa na pikipiki usiku unakutana na kisogo cha tela kisicho na hata karatasi inayoakisi mwanga.

Ndugu moderator, naomba uzi ubaki juu. Wakuu mnaopita kati ya Igawa na Tunduma, wekeni humu picha za kila mahali njia ilipohamishwa bila kibao, kila tuta lisilo na rangi, kila kivuko cha pundamilia kilichofutika karibu na shule. Andikeni jina la mahali na tarehe, ila msipige picha mkiwa mnaendesha. Nitazikusanya, nitazichapa, nitazipeleka kwa mkono ofisi inayohusika, nakala kwa mkuu wa mkoa na kwa wabunge wetu, na nitadai mhuri wa kupokelewa. Mwenye jamaa ndani ya mradi amuulize swali moja tu atuletee jibu: vibao na taa za Iwambi vinafungwa tarehe ngapi?